Damu ya konokono wa nchi kavu: hubadilika kwa msimu, au ni maji tu yanayopungua?

#1 Mfugaji_Mukono
Habari zenu wanajukwaa. Ninafuga konokono wakubwa wa jamii ya Achatina katika mabanda ya mbao hapa Mukono, Uganda, na kuna jambo ambalo ningependa wenye ujuzi walijadili. Gamba la konokono likipasuka wakati wa mvua nyingi, damu inayotoka huwa nyingi na nyepesi, na mwanzoni karibu haina rangi. Ukiidondosha kwenye sahani nyeupe hukaa kitambo kidogo, kisha huanza kuingia ubuluu kuanzia kingoni, pale inapokutana na hewa. Mwezi wa Januari au Februari, jua linapokaza na konokono wamejifungia ndani ya magamba yao na kulala, damu ya yule atakayepasuka huwa kidogo na nzito, na ubuluu wake ni mkali zaidi. Mimi ninashikilia kwamba kemia yenyewe ya damu hubadilika kwa msimu. Jirani yangu, ambaye naye ni mfugaji, anasema hakuna kinachobadilika isipokuwa maji. Nani yuko sahihi, na mtu atathibitisha kwa njia gani?

#2 Mwalimu_Jinja
Asante kwa swali zuri. Tuanze na rangi. Konokono wako habebi oksijeni kwa himoglobini yenye chuma kama sisi, bali kwa himosianini, ambayo ni protini yenye shaba. Atomu mbili za shaba hushika molekuli moja ya oksijeni. Oksijeni ikishikwa protini huwa ya buluu, na ikiachiliwa rangi hupotea. Ndiyo maana tone lako huingia ubuluu kutokea kingoni. Protini hiyo haimo ndani ya chembe kama ilivyo katika damu yetu, bali imeyeyuka katika maji ya damu yenyewe, na ni molekuli kubwa ajabu: ile ya konokono wa Ulaya, Helix pomatia, ina uzito wa takriban daltoni milioni 9 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), wakati himoglobini ya binadamu ni kama 64,500. Maji yakipungua, kila mililita hubaki na himosianini nyingi zaidi na ubuluu hukolea. Hapo jirani yako ana hoja nzito. Mchuzi ukichemka hadi ukabaki nusu, chumvi huzidi ingawa hakuna aliyeongeza hata chembe. Kabla hatujazungumzia msimu, ni lazima kwanza tutenganishe athari ya maji.

#3 Msafiri_Gulu
Naomba kuuliza: msimu upi? Mukono mnapata mvua mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba kuelekea mwisho wa mwaka. Huku Gulu tuna kipindi kimoja kirefu, Aprili hadi Oktoba au Novemba, kisha kiangazi kinachokausha kila kitu. Konokono wa huku hujifungia miezi mfululizo, ilhali wa Mukono anaweza kuamshwa na mvua ya ghafla katikati ya Januari, akala usiku mmoja, akajifungia tena. Hao ni wanyama wawili wanaoishi katika kalenda mbili.

Tena tujihadhari na maandiko ya Ulaya. Huko konokono hulala kwa sababu ya baridi, na kufupika kwa mchana ni mojawapo ya dalili zinazomwandaa. Kampala iko chini ya nusu digrii kaskazini ya ikweta. Mchana wetu ni takriban saa 12 mwaka mzima, na joto halibadiliki sana kati ya mwezi na mwezi. Ishara ya jua fupi hapa haipo. Anayetaka kueleza mabadiliko ya damu hapa Uganda aanzie kwenye mvua.

#4 Mwanafunzi_Kabanyolo
Salamu kwenu nyote. Njia ya kutenganisha aliyoitaja Mwalimu katika bandiko namba 2 ipo, na si ngumu kuielewa. Kama kinachotokea ni kupungua kwa maji peke yake, basi kila kilichoyeyuka katika damu, yaani sodiamu, potasiamu, magnesi, kalsiamu na protini, kitapanda kwa uwiano uleule. Sodiamu ikipanda mara moja na nusu, na kalsiamu vilevile. Lakini kimoja kikipanda kuliko wenzake, au kikashuka wakati wengine wanapanda, kuna jambo lingine linalofanyika mwilini.

Na jambo hilo limekwisha kuonekana kwa Otala lactea, konokono wa nchi za Bahari ya Kati, katika kazi ya Barnhart iliyochapishwa mwaka 1986. Konokono akijifungia, hewa ya ukaa haitoki kwa urahisi kama zamani. Hujikusanya katika damu, na damu huwa na tindikali zaidi. Gamba la konokono ni chokaa, na chokaa hupunguza makali ya tindikali inapoyeyuka. Kwa hiyo kalsiamu inaweza kuongezeka katika damu ikitoka kwenye gamba lake mwenyewe, wala si kwa sababu maji yamepungua tu. Kwa maoni yangu Mfugaji ana haki ya kusema kwamba kemia inabadilika.

#5 Mzee_Tororo
Nimefurahi kijana kulitaja hilo. Sisi wa Tororo tunaishi juu ya chokaa, tunachimba chokaa kwa ajili ya saruji, na konokono wa hapa wana magamba mazito kuliko wale niliowaona Masaka. Mimi nasema jibu lote ni chokaa. Konokono anajenga nyumba kwa chokaa, anafunga mlango kwa utando ambao kwa baadhi yao una chokaa, anatia chokaa kwenye mayai, na akikosa hewa anajitibu kwa chokaa hiyohiyo. Msimu wa damu yake ni msimu wa chokaa yake. Nimeokota magamba ya konokono hai mwishoni mwa kiangazi nikayaona yamekuwa membamba, na ninaamini ndiyo hayo yaliyoliwa na tindikali.

#6 Binti_Kasese
Shikamoo Mzee. Ukiulizwa kwa nini mvua imechelewa, najua utasema ni chokaa, lakini safari hii nakuunga mkono nusu. Nusu nyingine ni mayai. Konokono wakubwa wa Achatina hutaga mayai yenye ganda gumu la chokaa, na hutaga mengi kwa mkupuo mmoja mvua zikishatulia. Chokaa hiyo lazima isafirishwe, na msafirishaji ni damu. Kwa hiyo kalsiamu katika damu inaweza kubadilika wakati wa mvua, konokono akiwa macho kabisa na maji yamemjaa tele, na hapo hewa ya ukaa haihusiki. Ukipima wakati wa kutaga ukalinganisha na wakati wa kulala, utaona mabadiliko mawili yenye sababu mbili tofauti, na ukiyachanganya utadhani ni jambo moja.

Nina swali langu pia. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulifanya kazi kuanzia mwaka 1956 hadi 1982, na mabaki yake bado yamelala bondeni. Kama damu ya konokono inategemea shaba, je, konokono wa Kilembe wana damu ya buluu zaidi, hasa mvua zinaposomba mabaki hayo?

#7 Fundi_Maabara
Marahaba ya Mzee ataijibu mwenyewe. Mimi nichukue la shaba. Wingi wa shaba mwilini si wingi wa himosianini. Konokono hutengeneza protini hiyo kwa kiasi anachohitaji, na shaba ya ziada hushikwa kwingine. Mwaka 1997, Dallinger na wenzake walionyesha kwamba Helix pomatia ana protini mbili tofauti za kushika metali, za aina iitwayo metalothionini: moja hushughulikia kadimiamu, ambayo ni sumu, na nyingine hushughulikia shaba, ambayo anaihitaji kwa himosianini. Mwili wake unajua kutofautisha. Shaba nyingi ya Kilembe ukitaka kuitafuta, pima tezi ya mmeng'enyo kabla ya kupima rangi ya damu.

Mzee Tororo, kwa heshima, gamba jembamba siwezi kulihusisha na tindikali ya kiangazi. Kiasi cha chokaa kinachohitajika kutuliza damu ni kidogo mno ukilinganisha na uzito wa gamba zima. Jicho haliwezi kukiona. Gamba jembamba hutokana zaidi na chakula kisicho na chokaa wakati wa kukua.

Na kwa Mfugaji: tone lililo kwenye sahani halisemi kweli kuhusu tindikali. Mara tu damu inapokutana na hewa, hewa ya ukaa hutoroka na tindikali hupungua kabla hujashika chombo cha kupimia. Damu ya kupima tindikali huvutwa kwa bomba la sindano bila povu na hupimwa papo hapo. Aliyepasuka gamba, pia, damu yake imechanganyika na ute.

#8 Nyota_Entebbe
Nimesoma yote kwa makini. Lakini mimi nimewahi kumponda kwa bahati mbaya konokono mdogo wa ziwani hapa ufukweni, gamba lake limejikunja bapa kama sarafu, na kilichotoka kilikuwa chekundu waziwazi. Sasa hii habari ya shaba na ubuluu inawahusu konokono gani?

#9 Mwalimu_Jinja
Umeona sawasawa, Nyota. Huyo wa gamba bapa ni wa familia ya Planorbidae, pengine Biomphalaria, yuleyule anayebeba vimelea vya kichocho cha tumbo katika Ziwa Viktoria na Ziwa Albert. Familia hiyo ina himoglobini, nayo imeyeyuka katika maji ya damu, haimo ndani ya chembe. Tafadhali nawa mikono ukimgusa, na usikanyage maji hayo bila viatu vya mpira. Mada yetu ni wa nchi kavu, nao ni wa himosianini.

#10 Msafiri_Gulu
Mimi naleta jambo la tatu, ambalo si maji wala chokaa: taka. Konokono aliyejifungia hakojoi, lakini bado anavunja protini, na naitrojeni yake lazima iende mahali. Wengi huigeuza kuwa asidi ya yuriki na kuihifadhi kwenye figo kama unga mweupe usiohitaji maji. Wapo wanaotoa amonia kama hewa. Speeg na Campbell walilieleza hilo mwaka 1968. Na yupo Bulimulus dealbatus wa Marekani ambaye, kwa mujibu wa Horne mwaka 1971, hukusanya yurea mwilini muda wote wa usingizi wa kiangazi. Kitu cha namna hiyo hakifuati msimu kwa jina lake. Kinafuata urefu wa usingizi. Kadiri alivyolala ndivyo kinavyozidi, na akiamka kinaondolewa.

Ndiyo maana nilisema Gulu na Mukono ni kalenda mbili. Konokono wawili waliochukuliwa siku moja ya Februari, mmoja amelala tangu Novemba na mwingine amelala tangu mvua ya juzi, wataandikwa wote "kiangazi" katika daftari la mtafiti, na damu zao hazitafanana hata kidogo. Kisha mtafiti atalalamika kwamba vipimo vimetawanyika.

#11 Mfugaji_Mukono
Nawashukuru wote, nimejifunza mengi. Niongeze nilichokiona. Kiangazi kilichopita nilikuwa na banda moja karibu na tangi, nikawa nalinyunyizia maji kila jioni kwa sababu nilitaka wale wakue haraka. Banda la pili, la upande wa migomba, sikulinyunyizia. Wa banda la kwanza hawakujifungia kabisa, na waliopasuka magamba damu yao ilikuwa nyepesi kama ya Aprili. Wa banda la pili walifunga mlango kwa utando mweupe na damu yao ikawa ile nzito. Mwezi mmoja, hewa moja, banda na banda. Kwa hiyo kalenda siyo inayobadilisha damu. Hapo namkubalia Msafiri.

#12 Mwanafunzi_Kabanyolo
Ushahidi huo ni mzuri, ila bado haujamaliza kesi, kwa sababu wale uliowanyunyizia hawakunywa tu, bali walikula pia. Majani ya mipapai na maganda ya ndizi ambayo wafugaji huwapa yanaingiza sukari, protini na madini. Wale wa upande wa migomba walikaa bila maji na bila chakula kwa pamoja. Konokono aliyelala huishi kwa kuchoma glikojeni, yaani akiba ya sukari aliyoihifadhi mwilini, na glukosi katika damu yake inaweza kubadilika kwa ajili ya njaa tu, hata kama maji yangekuwa yaleyale. Ili kutenganisha ungehitaji banda la tatu: maji yapo, chakula hakuna.

Na ukumbuke alichosema Binti katika namba 6. Waliokuwa macho walikuwa wakitaga? Tezi inayotengeneza ute wa yai hujaza galaktojeni, sukari ya pekee ya konokono, na malighafi yake hupitia kwenye damu. Anayetaga na asiyetaga hawalinganishwi.

#13 Mchunguzi_Wandegeya
Niruhusuni niingize umri, maana hakuna aliyeutaja. Konokono mdogo mwenye milia anayejaa kwenye bustani za Kampala, Limicolaria martensiana, aliwahi kuchunguzwa na Denis Owen alipokuwa Makerere, naye akachapisha mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa rangi za gamba na msongamano wa konokono. Yeye hakushughulika na damu, lakini mtu yeyote aliyewahi kuwakusanya anajua kwamba kuna wakati bustani imejaa wachanga na kuna wakati unaokota wakubwa watupu. Ukikusanya damu mwezi wa Mei na mwezi wa Januari bila kupima urefu wa gamba, huenda unalinganisha watoto na wazee na kuuita msimu.

Kuna tatizo la pili, na hili ndilo linaloniumiza zaidi ninaposoma matokeo ya watu. Wakati wa mvua unaokota wanaotembea. Kiangazi, wengi wamejichimbia ardhini, na wale unaowapata juu ya ukuta au shina ni wale walioshindwa kujichimbia, au walioamua kutojichimbia. Hawawakilishi wenzao. Aliye ardhini kwenye udongo wenye unyevu na aliye ukutani juani wanapoteza maji kwa kasi tofauti kabisa, na anayeokotwa daima ni wa ukutani. Nadharia ya maji inapata ushindi wa bure kwa sababu tunachagua wale waliokauka.

#14 Binti_Kasese
Hoja hiyo ya Mchunguzi imenikumbusha konokono wa jangwani. Sphincterochila boissieri wa jangwa la Negev alipimwa na Schmidt-Nielsen, Taylor na Shkolnik, wakachapisha mwaka 1971: akiwa amelala hupoteza kama miligramu 0.5 tu ya maji kwa siku, wakati mwilini ana takriban gramu 1.4. Fanyeni hesabu: mwaka mzima haujafika gramu 0.2. Na yule wa Misri aliyegandishwa kwenye kadi katika jumba la makumbusho la British Museum mwaka 1846 alitiwa kwenye maji ya vuguvugu mwaka 1850 akatoka akiwa hai. Mnyama wa namna hiyo akionyesha mabadiliko makubwa ya damu baada ya miezi michache, huwezi kuyasingizia maji, kwa sababu maji hayajaondoka. Wetu wa Mukono anapoteza maji haraka zaidi, kwa hiyo kwake maji yanafunika kila kitu kingine. Inawezekana sababu zote mlizozitaja zipo kwa kila konokono, lakini sauti inayosikika hutegemea gamba lake na mlango wake unavyobana.

#15 Mzee_Tororo
Marahaba binti yangu, nilichelewa kuitika. Nimekubali la gamba jembamba alilolisahihisha Fundi, lakini la chokaa sijaliacha. Kama kalsiamu ikipanda kuliko sodiamu, kama alivyoeleza kijana wa Kabanyolo, mtaniambia imetoka wapi kwa mnyama ambaye hali wala hanywi? Imetoka ukutani mwa nyumba yake. Pimeni sodiamu na kalsiamu kwa pamoja, kisha mje tuzungumze.

#16 Mwalimu_Jinja
Mzee, hilo la uwiano nalikubali kabisa, ila naongeza tahadhari moja. Sodiamu nayo si shahidi asiyeyumba. Maji na chumvi huhama kati ya damu na misuli konokono anapojikunja ndani ya gamba, kwa hiyo hata kipimo tunachokitegemea kama rula kinaweza kurefuka na kufupika. Bado sijashawishika kwamba tumeiondoa nadharia ya maji. Tumeifanya iwe na washindani, basi.

#17 Mfugaji_Mukono
Basi kiangazi kijacho nitaweka mabanda matatu kama alivyoshauri Mwanafunzi: maji na chakula, maji bila chakula, na kavu. Nitachagua wenye gamba la urefu unaolingana, nitawapima uzito kila wiki, na nitaandika tarehe ya kila mmoja kujifungia badala ya kuandika "kiangazi". Fundi, nisaidie: naweza kumtoa damu konokono yuleyule mara kwa mara ili nimfuatilie?

#18 Fundi_Maabara
Usifanye hivyo. Damu ni sehemu kubwa ya maji aliyonayo, na ukimtoa leo, kesho unapima jinsi anavyojaza pengo ulilomwachia, si jinsi msimu unavyomgeuza. Tenga wengi, kila mmoja atolewe mara moja tu. Kwa protini, refraktomita ya mkononi, yaani kifaa kinachopima jinsi mwanga unavyopinda katika kimiminika, inatosha kuanzia. Tone moja linakupa makadirio, na mengi ya unayoyasoma humo ni himosianini. Sodiamu na kalsiamu zitahitaji maabara, kwa hiyo gandisha sampuli kwenye vichupa vilivyofungwa vizuri na uziandike namba ya banda.

Na wale wa banda kavu, wachukue wakiwa bado wamefunga mlango, kabla hujanyunyiza hata tone la maji karibu nao. Wakiamka hunywa na kufyonza maji kwa ngozi ya mguu, na ndani ya muda mfupi damu uliyoifuata miezi yote hiyo itakuwa imekwisha kuwa ya mvua.